Mwanamke wa Jaladani

Kuna watu wakishika kipaza sauti hawakiachii mpaka wanyang'anywe, na katika mji mmoja kazi ya kuwanyang'anya ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyeitwa Swali-Fupi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na ukumbi wa maktaba kuu, ambako kila mwezi aliendesha mazungumzo ya historia kati ya waandishi na watu wa kawaida. Kulikuwa na mstaafu mmoja wa reli ambaye kila alipoinuka kuuliza swali alianzia kuzaliwa kwa babu yake, na Swali-Fupi alimkatiza kabla babu hajaota meno: "Swali fupi, mzee wangu." Watu walicheka, mzee alinuna, na mwezi uliofuata alirudi na babu yuleyule.

Kazi aliijua, hata waliomsema vibaya walikiri hivyo. Alikuwa na mwiko mmoja tu: hamwonyeshi mgeni maswali mapema, awe profesa, awe waziri mstaafu. Jibu lililotayarishwa aliliita kiporo. "Unaweza kukipasha moto," alikuwa akisema, "lakini anayekula anajua kimelala." Mgeni alikaa kitini bila kujua litakalomfika, na ukumbi ulijaa kwa sababu hiyo. Waandishi walimwogopa kidogo, lakini wote walitaka kualikwa.

Kitabu cha mwezi huo kilimfikia Jumanne asubuhi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Kilihusu bomoabomoa ya zamani, pale mtaa mzima nyuma ya kiwanda cha nguo ulipofagiliwa kupisha barabara na watu wake wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Mwandishi alikuwa mtu wa jina kubwa, wa kuhojiwa redioni, mwenye sauti ya kubembeleza kama mtu anayelaza mtoto. Swali-Fupi alirarua karatasi huku kalamu iko mdomoni. Alipolitazama jalada, kalamu ilimdondoka.

Alikuwa akitazamana na mama yake.

Ni mama yake wa ujanani, mwembamba, kitambaa kimemporomoka kichwani, mdomo wazi, mkono mmoja umenyooka mbele. Nyuma yake ukuta umemeguka na vumbi limetanda. Aliutambua ule mwanya wa meno ya mbele. Akaitambua na alama ya kuungua iliyo juu ya kiwiko, ile aliyozoea kuipapasa utotoni alipobembelezwa alale. Akafungua ndani kutafuta maelezo ya picha, akayakuta kwa herufi ndogo: Mwanamke asiyejulikana akiomboleza, siku ya bomoabomoa.

"Asiyejulikana na nani?" aliuliza kwa sauti, na mle ofisini hakukuwa na wa kumjibu ila makabati.

Hasira zipo za namna nyingi. Ipo ya moto wa mabua, inawaka na kuzimika kabla hujajua umekasirikia nini. Hii ilikuwa ya mkaa. Mama yake alikaa mtaa wa pili kutoka maktaba, umbali wa kubeba chai kikombeni ikafika bado ya moto. Muuza mkaa alimjua. Mlinzi wa lango alimjua. Watoto wa shule walimjua vizuri sana, kwa sababu aliwafokea wakipiga mpira kwenye ukuta wake. Na huyu bwana alikuwa ameshinda miezi katika maktaba hiyohiyo, akipekua magazeti ya zamani, akitumia choo chao na taa zao, na hakuwahi kutoka nje na kumwonyesha ile picha binadamu mmoja. Angemuuliza mlinzi tu angeelekezwa kwa kidole.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maktaba, akakiweka kitabu mezani.

"Mkuu, huyu ni mama yangu."

Mkuu wa maktaba alikuwa mtu mwema wa kuogopa makelele. Alikitazama kitabu, akamtazama yeye, akarudi kwenye kitabu. "Una uhakika?"

"Mtu anaulizwa kama ana uhakika na mama yake?"

"Sina maana hiyo, dada. Ila mgeni ameshathibitisha, matangazo yameshabandikwa. Mambo ya nyumbani tusiyalete ukumbini. Baada ya mazungumzo tutamwita pembeni, tumweleze kistaarabu. Toleo lijalo watarekebisha."

"Pembeni."

"Ndiyo, pembeni. Kuna ubaya gani?"

Kuna ubaya gani. Mama yake ametundikwa kwenye madirisha ya maduka ya vitabu, halafu marekebisho yafanywe pembeni, baina ya watu waungwana, kwa sauti ya chini. Swali-Fupi alichukua kitabu akatoka bila kuaga, na mlango aliufunga kwa namna ambayo chumba cha pili walinyanyua vichwa.

Jioni alikwenda kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi yao ya Jumanne. Walikula. Mama akalalamikia goti lake, kisha bomba la maji, kisha jirani aliyefuga kuku wasio na adabu. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba, chini ya meza, kinamgusa mguu. Swali-Fupi hakukitoa.

Sababu alikuwa nayo, na aliiona ni ya maana. Tangu akiwa na akili ya kuuliza alimuuliza mama habari za bomoabomoa, na mama alikuwa na jibu moja la kudumu: "Tulihamishwa, tukahama." Ukizidi kumchokonoa, aliinuka akaosha vyombo, hata kama ni visafi. Marehemu baba naye aliulizwa, akasema muulize mama yako. Kwa hiyo mtoto aliyelipwa mshahara kwa kuwafanya watu wageni waseme yaliyo moyoni alikua bila kujua hata siku moja ya ujana wa mama yake. Na sasa picha hii ilikuwa imemwonyesha jambo moja: mama alilia. Mama huyu ambaye hata msibani hukaa mkavu kama kuni, siku ile alilia mbele za watu. Swali-Fupi alikitaka hicho kilio. Alitaka kukisikia kikiwa na maneno.

Akawaza: nikikitoa kitabu hapa, ataosha vyombo. Lakini nikimkalisha ukumbini, picha imejaa ukutani, mwandishi yuko mbele yake, watu wanangoja, atasema. Na hakitakuwa kiporo.

"Jumamosi asubuhi uje maktaba, mama. Kuna mazungumzo."

"Ya nini tena?"

"Historia. Utakaa tu, usikilize."

"Mimi na historia wapi na wapi," mama alisema, lakini alifurahi. Mwanawe hakuwa na kawaida ya kumwalika kazini kwake.

Mtu pekee aliyemwambia mpango huo alikuwa fundi wa vipaza sauti, na hata huyo ilibidi tu, kwa sababu alihitaji kipaza cha ziada mstari wa mbele. Fundi alikuwa anakunja waya mkononi, taratibu, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

"Mama mwenyewe anajua?"

"Akijua ataharibu."

"Ataharibu nini?"

"Wewe shughulika na nyaya zako."

Fundi alishughulika na nyaya zake. Mtu akishaambiwa hivyo mara moja, harudii kusema.

Jumamosi ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa kwenye ngazi za pembeni. Mstaafu wa reli alikuwepo, bila shaka na babu yake tayari kinywani. Mama alifika mapema, kavaa gauni la kushindia na ndala, kwa sababu ameambiwa atakaa tu asikilize. Swali-Fupi alimkalisha kiti cha katikati, mstari wa mbele, akampa ratiba ajipepee. Alipopanda jukwaani moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha chafu, ile ya mtu anayejua mwenzake anakalia nini.

Mwandishi alianza kwa kusoma. Taa zilipunguzwa, na picha ya jalada ikamulikwa ukutani kubwa kuliko mlango. Mama aliacha kujipepea.

"Katika kinywa hiki kilichofunguka," mwandishi alisoma kwa ile sauti yake ya kulaza watoto, "hamna neno. Huzuni imeyala maneno yote. Huyu hana jina, kwa hiyo ana majina yetu sote. Ni mama wa kila aliyepoteza." Watu waliguna kwa kuguswa. Mwanamke mmoja nyuma alipenga kamasi. Swali-Fupi alimtazama mama yake gizani, akaona uso umefungwa kabisa, akaupa maana aliyoitaka: anajizuia.

Taa zikarudi. Makofi yakapigwa. Swali-Fupi akakunja mguu, akatabasamu.

"Swali langu ni fupi," alisema, na wenyeji wakacheka. "Huyu mwanamke, ulimtafuta?"

Mwandishi alishusha pumzi. "Swali zuri sana. Ninatamani ningempata. Lakini historia, unajua, huwameza watu wadogo. Uwezekano mkubwa ametangulia mbele za haki."

"Hajatangulia popote. Amekaa mstari wa mbele."

Hapo ndipo alipokuwa amepangilia kila kitu. Mwandishi angebabaika, jasho lingemtoka, angetafuta pa kuweka mikono. Ukumbi ungemgeukia. Mama angeinuka. Kwa siku nne alikuwa ameitazama picha hiyo akilini kama mtu anayetazama chakula kinavyoiva.

Mwandishi hakubabaika. Alisimama, akamtazama mama, akatazama ukutani, akamtazama mama tena, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, na huo ndio ubaya wake. Alishuka jukwaani, akapiga magoti sakafuni mbele ya kile kiti, akamshika mama mikono yote miwili. "Mama," alisema. "Mama yetu." Na ukumbi mzima ukainuka. Simu zikanyanyuliwa juu, nyingi kiasi kwamba waliokuwa nyuma waliona simu za wenzao tu. Mtu akapaza sauti, mwambieni akae kama kwenye picha. Mwingine akasema, mkono mbele, mama, mkono.

Mama aliinuliwa. Hakuinuka mwenyewe, aliinuliwa, na kupelekwa jukwaani na watu waliomshika huku na huku, goti lake bovu linamsaliti kwenye kidaraja cha kupandia, ndala moja inataka kumtoka mguuni. Akawekwa kwenye kiti cha mwandishi, chini ya uso wake mwenyewe. Kipaza cha ziada kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia. Swali-Fupi alisimama akiwa na kipaza chake, hana la kufanya nacho. Mwizi alikuwa amekamatwa na kitu mkononi, na watu wakamshangilia kwa kukirudisha.

"Tuambie, mama," mwandishi alisema, amechuchumaa pembeni ya kiti. "Siku ile ulihisi nini?"

Mama alikitazama kipaza. "Mimi sikuwa nalia," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotegemea, akakisogeza mbali na mdomo. "Mmesoma hapo kwamba nalia. Silii. Namtukana mtu wa kamera."

Kicheko kikapita ukumbi mzima, kile kicheko cha mapenzi ambacho watu humchekea bibi mcheshi. Mama alingoja kiishe.

"Mama mkwe wangu alikuwa ndani, kitandani. Alikuwa hawezi kutembea. Mume wangu yuko kazini. Tingatinga limeshafika kwa jirani. Nikatoka nje nitafute mtu wa kunishikia kitanda upande wa pili, kila mtu ana mizigo yake. Nikamwona huyo wa kamera, kijana mzima, ana nguvu zake, kasimama. Nikamwambia, weka hicho chini unisaidie. Akapiga picha. Nikamwambia tena, akapiga tena. Ndipo nikamtukana tusi ambalo hapa siwezi kulirudia."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nikaingia nikakiburuta mwenyewe. Mlangoni kikanasa. Nikakivuta kwa nguvu, mama akaanguka, nyonga ikavunjika. Yeye ndiye aliyelia. Tulimzika kabla ya mvua." Alivuta pumzi. "Sasa mimi nilikuwa nataka—"

"Wapendwa," mwandishi alisema, mkono kifuani, "hii ndiyo historia hai."

Makofi yakalipuka. Watu wote walisimama tena, wengine wanalia, wanapiga makofi juu ya vichwa vyao, na mama amekaa katikati ya kelele hiyo mdomo wazi, sentensi yake imefia njiani. Mwandishi alikuwa ameshachukua kipaza kingine. "Hasira yako, mama, ni hasira yetu sote," alisema. "Nitaiandika katika toleo la pili." Muda mfupi uliopita huzuni ya huyu mama ilikuwa ya sisi sote. Sasa hasira nayo imeshagawanywa, kila mtu amepata kipande chake cha kwenda nacho nyumbani, na mwenyewe kabakiziwa kiti.

Damu ilimpanda Swali-Fupi kichwani. Alitembea mpaka katikati ya jukwaa, akasimama kati ya mwandishi na mama yake. "Hajamaliza," alisema. Makofi yaliendelea. "Nimesema hajamaliza. Kaeni." Alilisema kwa sauti ambayo ukumbi ule haukuwahi kuisikia kwake, na watu wakakaa, mmoja mmoja, kama wanafunzi waliofumaniwa. Mwandishi alifungua mdomo. "Na wewe," alimwambia. Mwandishi akakaa sakafuni palepale alipokuwa amechuchumaa.

Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Alijiona amemrudishia mama yake kinywa chake. "Endelea, mama," alisema kwa upole. "Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Sikuwa nataka kusema na yeye," mama alisema. "Nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

"Mimi?"

"Picha hii umeiona lini?"

Vipaza vyao vyote viwili vilikuwa vimewashwa, na fundi, Mungu amsamehe, hakuzima hata kimoja.

"Jumanne," Swali-Fupi alisema.

"Jumanne ulikuja kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Tukala."

"Ndiyo."

"Kitabu kilikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali panapovuja. Hayo yalikuwa maswali mafupi kuliko yote yaliyopata kuulizwa katika ukumbi ule. Nyani haoni kundule, lakini siku akigeuzwa mbele ya watu mia, hana pa kulificha. Mama alikilaza kipaza kwenye kiti, akashuka. Ni fundi peke yake aliyeacha mitambo yake akaja kumpa mkono kwenye kidaraja. Wengine wote simu zao zilikuwa bado juu.

Swali-Fupi alimkuta nje, kwenye benchi la mlinzi karibu na lango, amekaa wima, mikono mapajani. Mlinzi alikuwa na akili, alikwenda kukagua ua. Swali-Fupi hakuthubutu kukaa. Alisimama mbele yake na hasira ikamtoka yote kwa mpigo, kwa sababu hasira ilikuwa rahisi kuliko kuomba radhi.

"Yule ni mwizi, mama. Ameshinda humu miezi, ameshindwa kuuliza mtu mmoja. Anakupigia magoti ili watu wamwone anavyopiga magoti. Nitamwandikia mchapishaji wake, nitakwenda redioni, nitahakikisha hicho kitabu kinaondolewa kila duka. Amekuita asiyejulikana. Wewe! Asiyejulikana!"

Mama alimwacha amalize. Alikuwa mtu wa kuacha wenzake wamalize.

"Yule hanijui," alisema. "Ameandika asiyejulikana kwa sababu hanijui. Hajasema uongo hapo. Wewe unanijua."

"Mama, nilitaka watu wajue ni wewe. Nilitaka useme. Hujawahi kuniambia chochote, kila nikikuuliza—"

"Sasa nimesema. Umepata?"

Ndani ya ukumbi sauti ya mwandishi ilikuwa ikiendelea, ya kubembeleza, bila maneno kusikika. Mlinzi alikuwa amefika pembe ya mbali ya ua na kuanza kukagua mti.

"Siku ile sikulia," mama alisema. "Sikupata nafasi. Halafu bibi yako akafa, nikawa na wewe tumboni, halafu tukawa tunatafuta pa kukaa. Siku ya kulia haikuja. Ungenitolea kile kitabu Jumanne, pale mezani, mimi na wewe, ningekitazama. Ningelia nyumbani kwangu, jikoni kwangu, ungekaa ungoje mpaka nimalize. Pengine na kitanda ningekusimulia. Sasa nimekisimulia mbele ya watu wanaoniambia nyanyua mkono."

Hakuinua sauti. Afadhali angeinua. Swali-Fupi alitaka kusema samahani, na neno lilikuwa dogo mno, lingeonekana kama sarafu iliyotupwa kisimani. Alilisema hivyohivyo. Mama hakulikataa wala hakulipokea.

Mkuu wa maktaba alitoka mlangoni kwa haraka, kitabu kwapani na kalamu mkononi, uso unang'aa kwa ahueni ya mtu aliyeona balaa likigeuka neema. "Dada, mambo mazuri," alimwambia Swali-Fupi. "Mwandishi amekubali kurekebisha mara moja, amewapigia simu wachapishaji mbele yetu sote. Anataka jina tu. Mama anaitwa nani? Jina kamili."

Jina lilikuwa mdomoni. Ni jina alilolijua kabla ya jina lake mwenyewe, alikuwa amelijaza kwenye karatasi za hospitali na za shule, angeweza kulitaja akiwa usingizini. Ulimi ulishanyanyuka. Mama hakumtazama mkuu. Alimtazama yeye, binti yake, na kungoja.

Swali-Fupi alifunga mdomo.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Yuko hapa."

Mkuu wa maktaba aliona haya kidogo, akageuka, akainama. "Samahani, mama. Tungependa kujua jina lako."

"Ukishalijua utalifanyia nini?"

"Litaandikwa chini ya picha, mama."

"Chini ya picha pameandikwa kwamba nalia. Kwanza autoe uongo wake. Akishautoa, aje kwangu aniulize jina, aje mwenyewe asitume mtu. Nikijisikia nitamwambia. Nisipojisikia, atarudi na kalamu yake."

Mkuu alisimama na kalamu yake. Alimtazama Swali-Fupi kuomba msaada, kama alivyozoea mambo yalipomshinda ukumbini, na Swali-Fupi hakumpa. Basi akarudi ndani, polepole, akiwaza jinsi ya kulifikisha jibu hilo bila kumuudhi mgeni.

Mama alishika ukingo wa benchi, akajiinua. Goti likalia. Swali-Fupi alinyoosha mkono kumshika kiwiko, pale penye alama ya kuungua, kisha akaurudisha.

"Nikusindikize, mama?"

Mama alifikiri. Alilifikiria swali kweli, akiitazama barabara, jua, na umbali ule mdogo wa kwenda kwake.

"Leo hapana," alisema.

Akatoka langoni peke yake, akachukua upande wenye kivuli, akitembea taratibu kwa sababu ya goti. Mlangoni pa ukumbi mtu alikuwa ameanza kumwita Swali-Fupi, aje afunge mazungumzo, mgeni anangoja, watu wanataka kusainiwa vitabu. Alimsikia. Alibaki ameshika nondo za lango, akimtazama mama yake mpaka alipokata kona, na hakumfuata, kwa sababu alikuwa ameuliza na amejibiwa.